Kornelio Ndani ya Tela la Ndege

Pale Nyamongo ukimuulizia fundi wa raba, watu watakuelekeza kwa Kornelio Nchagwa, kisha watakutazama kwa huruma. Si kwamba ni fundi mbaya. Mpelekee pampu inayovuja, ataifunga raba mpya na haitavuja tena. Ila wakati anaifunga atakusimulia maisha yote ya hiyo raba tangu ilipokuwa tairi la lori, imepita barabara gani, imebeba mawe gani, na kwa nini mafundi wengine wote kuanzia Tarime mjini mpaka Sirari hawafai hata kuziba chupa ya maji. Utaondoka pale pampu yako ikiwa kavu, masikio ndiyo yanavuja.

Kibanda chake cha mabati kilibanwa kati ya muuza chipsi na kijiwe cha bodaboda. Humo alikata makatambuga, zile ndala za matairi, akachonga washa za pampu za wachimbaji wadogo, akabadilisha raba za friji za maduka ya soda na raba za milango ya magari yaliyochoka. Alikuwa na imani moja kubwa maishani, ukiacha ile ya kanisani: tundu ni adui. Liwe dogo, liwe kubwa, liwe la makusudi au la bahati mbaya, kwake halikupita. Nyumbani Nyamwaga aliwahi kuziba mpaka tundu la ufunguo la mlango wa stoo kwa sababu lilikuwa linaingiza upepo, mke wake Nice akawa anaingilia dirishani kufuata mahindi mpaka alipopatikana mtu wa kuuvunja mlango.

Lakini ufundi ni kitu kimoja na jina ni kingine. Pamoja na ujuzi huo wote, Nyamongo nzima ilimwita Kornelio Ndala. Wachimbaji walimwita hivyo, watoto walimwita hivyo, hata katekista alimwita hivyo siku ya ubatizo wa mwanawe Simoni, tena kwa kipaza sauti. Umri ulikuwa unasogea, na mwanaume wa Kikurya hawezi kuzeeka akiitwa Ndala. Kornelio alitaka kazi yenye jina lake mwenyewe juu yake.

Ndipo akaja Daktari Leonida.

Huyu alikuwa mama wa Kihaya, mrefu, mkavu wa maneno, na hakuwa anatibu mtu yeyote. Udaktari wake ulikuwa wa tumbusi. Kambi yake ilikuwa upande wa Serengeti, karibu na mpaka wa hifadhi, na kazi yake ilikuwa kuwahesabu hao ndege wenye shingo za upara wakiwa huko huko angani. Aliwafuata kwa ndege isiyo na injini: inavutwa na gari kwa kamba ndefu mpaka inapaa, kamba inaachiwa, halafu inaelea kwenye hewa ya moto inayopanda, inazunguka na tumbusi kama ndugu yao. Kornelio alipoelezwa hayo alifikiri sana kabla ya kuuliza.

"Sasa Daktari, ikikuzimikia huko juu?"

"Haina injini, fundi. Kisichowaka hakizimiki."

Kornelio alilipenda jibu hilo. Kufika jioni alikuwa ameshawatolea wateja wake kama la kwake.

Ndege yenyewe Daktari aliiacha kambini chini ya paa. Alichokivuta mpaka Nyamongo kilikuwa tela lake. Ndege ya namna hiyo hufunguliwa mabawa ikalazwa ndani ya tela refu jeupe, lililofungwa pande zote, lenye kifuniko kinachoinuka kama cha sanduku. Lilikuwa refu kama hotuba ya mgeni rasmi. Kati ya kifuniko na bodi palikuwa na raba iliyozunguka kote, na hiyo raba ilikuwa imekwisha: jua limeipasua, imelala bapa kama chapati ya juzi, kwingine haipo kabisa. Vumbi la barabara lilikuwa linaingia linavyotaka. Masika iliyopita Daktari alifungua akakuta chura amekaa juu ya bawa, ametulia, wala hana dalili ya kuhama.

"Bawa likilowa linaharibika," Daktari alisema. "Na anayekaa katikati ya mabawa ni mimi."

Kisha akasema neno lililomfanya Kornelio aache kuongea, jambo ambalo kijiwe kizima cha bodaboda kililishuhudia. Kule kambini kulikuwa na magari, matangi, mahema na pampu, kila kitu kina raba na kila raba inavuja. Fundi wa zamani alikuwa amestaafu. Kama Kornelio angeliziba tela hili, likapigwa na mvua ya kweli bila tone kuingia, kazi ya kambi ilikuwa yake, ya kudumu, pamoja na sare iliyoshonwa kifuani Fundi Mkuu. Daktari angerudi kukagua, na kesho yake asubuhi wangeondoka wote, kwa sababu msimu wa kuhesabu ulikuwa unaanza na tumbusi hawangoji mtu.

Fundi Mkuu. Kornelio aliliona neno hilo limeshonwa kwa uzi mwekundu, na chini yake jina lake, na mahali popote kwenye hiyo sare hapakuwa na neno ndala.

Nyamongo hapakuwa na nafasi ya kuegesha kitu kirefu namna ile. Ukigeuza kichwa cha tela unamgonga bodaboda, ukirudisha mkia unamgonga mwingine anayemcheka aliyegongwa. Likavutwa mpaka nyumbani kwake Nyamwaga, likawekwa uani kati ya migomba na zizi, na Nyamwaga ikaja kuangalia. Wapo waliosema ni jeneza la ukoo mzima. Wapo waliosema ni kombora na Kornelio amepewa alitunze. Mzee Matiko, mkubwa wa wazee wa pale na mtu wa mwisho katika kila shauri la mila, alilizunguka taratibu na fimbo yake, akachungulia ndani, akauliza kile ambacho mzee yeyote wa Nyamwaga huuliza akionyeshwa chombo kipya.

"Wanaingia ng'ombe wangapi?"

"Si la ng'ombe, mzee. Ni la ndege."

"Kuku?"

"Ndege ya kupanda mtu, mzee. Ya kuruka."

Mzee Matiko akalitazama tena kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema nafasi yote hiyo kwa kitu kisichotoa hata maziwa ni ubadhirifu, akaenda zake.

Kornelio akaingia kazini. Raba iliyotakiwa ni ile yenye bomba ndani yake, inayobonyea kifuniko kikishuka na kufura kikiinuka. Aliifuata dukani kwa Masalu, Msukuma aliyekuja Nyamongo kuchimba dhahabu, akagundua mapema kwamba dhahabu iliyo rahisi kuchimba ni ile iliyoko mfukoni mwa mchimbaji, akafungua duka la spea. Masalu alimtolea raba bapa iliyoviringwa. Kornelio akainusa, akaivuta, akaiuma, akatema.

"Hii ni raba au ugali uliolala?"

"Ndala, unaziba tela au unaoa?" Masalu akamuuliza. "Maana hata mchumba hakaguliwi hivyo."

"Niite Fundi Mkuu."

"Bado hujapewa."

"Wewe anza kuzoea."

Aliondoka na raba ya bomba. Akakwangua gundi ya zamani mpaka bodi ikang'aa, akaifuta kwa petroli, akapaka gundi mpya, akaibandika raba ikiwa kipande kimoja kirefu, bila kiungo ila kule nyuma chini, mahali maji hayafiki. Wala hakuivuta, maana raba iliyobandikwa ikiwa imevutwa, siku jua likiipiga hurudi kwao ikakuachia pengo. Kwenye kona aliikunja polepole kama anayemlaza mtoto aliyesumbua. Ilikuwa kazi safi. Hata Nice, ambaye sifa kwake ni kitu cha sikukuu, alipitisha kidole akasema imekaa.

Hapo ndipo Kornelio alipoyaona matundu.

Yalikuwa mawili, moja mbele na moja nyuma, upana wa mdomo wa chupa ya soda, kila moja na kikofia chake kilichotazama chini. Kornelio alisimama mbele yake kama mtu aliyemkuta mgeni amelala kitandani kwake. Fundi gani huyo anatengeneza tela zuri namna hii halafu anasahau matundu mawili wazi? Aling'oa vikofia, akachonga vizibo kutoka kwenye tairi la lori, akavipaka gundi, akavisokomeza kutokea nje.

"Daktari alisema uzibe na hayo?" Nice akamuuliza.

"Daktari alisahau."

"Si umpigie umuulize."

"Mtu akisahau humpigii kumkumbusha, Mama Simoni. Unamsitiri."

Ikabaki kupima. Maji ya ndoo aliyakataa. Alisema ndoo inamwaga pale unapotaka wewe, mvua inamwaga pale inapotaka yenyewe. Akangoja mvua, ikamringia. Hatimaye siku ile ile ambayo Daktari alisema angefika jioni, mchana ulipogeuka, wingu likaja kutoka upande wa ziwa, jeusi, limejaa, linanguruma. Siku hiyo Kornelio alikuwa aende Nyamongo. Akaghairi.

Njia ya kupima ilikuwa ya kwake mwenyewe, na alimweleza Nice kwa kirefu huku upepo ukipeperusha majani ya migomba. Gizani jicho halioni tone. Nguo nayo hulinywa tone kabla ngozi haijapata habari. Kwa hiyo mpimaji sharti alale ndani ya tela akiwa hana kitu mwilini, ametandaza mikono na miguu, ngozi yote ikisikiliza. Akavua. Kwa heshima ya ndoa akabakiza chupi. Suruali, simu ikiwa mfukoni, akaitundika kwenye msumari chini ya upenu wa nyumba isilowe. Akaingia na kisu chake cha kukatia raba, ili tone litakapojitokeza apaweke alama papo hapo. Nice akateremsha kifuniko, akapiga makomeo, na makomeo yote ya tela hilo yako nje, kwa kuwa ndege haina haja ya kujifungulia.

Walipatana kwamba atamfungulia mvua ikikatika. Nice akafunga nyumba, akakimbilia mashineni kuchukua unga wake kabla haujalowa. Mvua ikamkuta huko, kijito cha njiani kikafura, akakaa na wenzake wakipiga soga bila wasiwasi wowote. Mume wake alikuwa mahali pakavu kuliko mtu yeyote Nyamwaga.

Sasa, kwenye basi dogo lililotoka upande wa Kemambo alikuwemo mama yake Nice.

Huyo aliitwa Mokami, na sisi tunaweza kumtaja, Kornelio hakuweza. Kwa Wakurya, mama mkwe na mkwe wake wa kiume wana ensoni kati yao, haya ya heshima isiyo na mchezo. Hawashikani mikono. Hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja huingia shambani kana kwamba amekumbuka ghafla kupalilia. Mokami akija kumwona bintiye, Kornelio huwa Nyamongo, na kwa utaratibu huo walikuwa wamependana tangu harusi bila kukosana hata mara moja. Na baya kuliko yote, lile linalofanya wazee wakae, mbuzi achinjwe na mambo yote yasimame mpaka litakaswe, ni mmoja kumwona mwenzake akiwa uchi.

Mokami hakuwa mtu wa kuja ovyo. Jana yake alimpigia bintiye akauliza kama njia ni nyeupe, akaambiwa mwenye mji atakuwa Nyamongo. Nice naye, alipoliona lile wingu, alihesabu kwamba mama yake hatasafiri tena siku hiyo. Akashuka barabarani na mkungu wa ndizi kichwani, mvua ikiwa imeshika, akakuta nyumba imefungwa, akajibana chini ya upenu pamoja na kuku mmoja mwekundu aliyekuwa na shida hiyo hiyo. Pembeni yao ilining'inia suruali.

Ndani ya tela, Kornelio alikuwa kwenye furaha ambayo mafundi wengi hufa bila kuionja. Mvua ilitwanga kifuniko, na ngozi yake haikusikia kitu. Alingoja tone pajani, halikuja. Alilingoja tumboni, halikuja. Akacheka peke yake gizani. Akajiona amevaa sare, anatembea kambini, matangi yanamwogopa.

Kisha akasikia joto. Kisha gundi mbichi, ambayo nje hunuka tu, humo ndani ikaanza kumfundisha. Kichwa kikawa chepesi. Akaona tumbusi wawili wamekaa miguuni pake, mmoja akihesabu na mwingine akiandika. Hapo akaelewa, polepole na kwa uchungu, kwamba tela lisiloingiza tone, lililozibwa kila tundu, haliingizi na kingine chochote.

Akagonga. Akamwita Nice. Mvua ikameza sauti. Akagonga tena kwa ngumi zote mbili, akakohoa kikohozi kirefu kilichoanzia magotini, na bahati ikataka mvua ipungue kidogo wakati huo huo.

"Nani anakohoa ndani ya kitu hicho?" ikasema sauti ya mama mtu mzima.

Kornelio akaitambua. Akanyamaza, akabana pumzi, na pumzi yenyewe ndiyo hiyo hana.

Mokami naye alikitambua kikohozi. Huwezi kumkwepa mtu miaka yote hiyo bila kukijua kikohozi chake. Ndicho kinachokuambia uingie shambani. Akageuka kutazama ukuta. Ukutani palikuwa na suruali. Akageuka kumtazama kuku. Wakwe wakilazimika kusemezana hupitisha maneno kwa mtu wa tatu, na wa tatu aliyekuwepo alikuwa huyo.

"Kuku," akasema Mokami, "hebu muulize aliye humo. Mwenye mji si alikwenda Nyamongo?"

Kornelio naye akatafuta wa kumtuma. Humo ndani hapakuwa na kiumbe.

"Gundi," akasema mwishowe, kwa adabu, "mwambie kuku hakwenda."

"Kuku, muulize na hii suruali ni ya nani."

Ndani kikasikika kikohozi kidogo.

"Gundi, mwambie kuku ni ya huyo huyo."

"Kwa hiyo, kuku, huyo humo ndani yuko..."

"Yuko hivyo hivyo," Kornelio akajibu, na kwa aibu akaisahau gundi.

Mokami akavuta khanga akajifunika mpaka puani. Papo hapo suruali ikaanza kulia. Kornelio alikuwa ameweka kwenye simu mlio wa ng'ombe anayemwita ndama, na Mokami akaruka kando, kuku akaruka upande wa pili. Ingekuwa simu ya mezani angeipokea. Lakini mama mkwe kutia mkono kwenye suruali ya mkwe wake, hata kama mwenyewe hayumo, hilo ni shauri la mbuzi wawili. Ng'ombe akalia, akanyamaza, akalia tena. Kornelio huko ndani alijua ni nani: Daktari, na yuko karibu.

Hapo akakumbuka kisu.

Njia rahisi ilikuwa hiyo. Achome raba pale kifuniko kinapokutana na bodi, apate mwanya, aweke pua. Angevuta hewa, angemngoja mke wake, na mama mkwe angebaki na ensoni yake nzima. Na mwanya huo huo ungeingiza maji, na Daktari angeukuta. Akapapasa, akaifikia raba, akaweka makali juu yake. Ilikuwa imebonyea sawasawa, laini, imejaa, haina mkunjo. Akapitisha kidole gumba urefu wa mkono wake na hakukuta mahali pa kuilaumu. Kornelio alikuwa amekata raba tangu ujana, ya lori, ya trekta, ya mgodini, na hakuna iliyowahi kumuuma. Hii ikamshinda. Akakilaza kisu kifuani.

"Gundi," akasema, sauti imebaki uzi, "mwambie kuku amwombe mama afungue."

Mokami alikuwa anapima mambo mawili. Akifungua, ensoni inavunjika. Asipofungua, binti yake ni mjane, na yeye atawaambia nini watu msibani, kwamba alisimama palepale anaongea na kuku?

"Kuku," akasema, "mwambie nakuja kinyumenyume. Nikifika komeo la mwisho nitakohoa. Atoke aende anakokwenda, na asiseme asante."

Akatoka mvuani, khanga imeshuka machoni, mgongo ukitangulia, miguu ikitafuta njia kwenye matope. Akapapasa komeo la kwanza kwa mikono iliyo nyuma, likaachia. La pili akalitukana kwa Kikurya, likaachia. Akaendelea hivyo mpaka la mwisho, akakohoa kama walivyopatana, akalisukuma. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kifuniko kile kina vyuma vya kukisukuma juu. Kikaruka, kikaondoka na khanga. Kornelio akatoka kama ndama anayezaliwa, akaangukia matopeni, akavuta hewa, akang'oa jani la mgomba akajifunika mbele, akakumbuka kwamba mkwe yuko nyuma, akalihamishia nyuma, akakumbuka barabara iko mbele, akang'oa la pili.

Wakati huo ndipo gari la Daktari Leonida lilipoingia uani, taa zinawaka. Daktari akaona mama mmoja mtu mzima anatembea kinyumenyume mvuani, na mwanaume mwenye majani mawili ya mgomba anakimbilia zizini. Pembeni yake alikuwa amekaa Mzee Matiko, aliyeomba lifti pale njia panda.

"Huyo ndiye Fundi Mkuu?" mzee akauliza.

"Bado," Daktari akasema.

Mvua ilipokatika Nice akarudi na unga wake kichwani, akasikiliza habari mara moja bila kuuliza swali, akachukua suruali ukutani akairusha zizini. Kornelio akatokea amevaa, anajikaza, ana majani ya mgomba nyweleni. Daktari alikuwa ameshaanza kukagua. Alipitisha kitambaa cheupe kona hadi kona, kikatoka kikavu. Sakafuni tu, katikati, palikuwa na umbo la mtu mzima lililochorwa kwa jasho. Alilitazama kidogo, akaliruka. Kisha akafika mbele kabisa.

"Haya umeyaziba kwa nini?"

"Daktari, yalikuwa yanaingiza hewa."

"Ndiyo kazi yake. Bawa linatoa jasho, fundi. Ukilifungia bila hewa linaoza kutokea ndani, na mvua haina kosa." Akaweka kidole gumba kwenye kizibo kutokea ndani, akasukuma. Gundi ilikuwa haijashika. Kizibo kikachomoka, kikaanguka nje matopeni.

Kornelio alikitazama kilipoanguka. Kisha akakitazama kidole gumba chake. Alikuwa amelala na kichwa upande ule ule, na kidole hicho alikuwa nacho muda wote.

Daktari akakikunja kitambaa chake kikavu.

"Nilisema lisipite tone," akasema. "Halikupita. Kazi ni yako. Lakini kambini kuna matundu mengi, na kila moja, kabla hujaligusa, utaniuliza lina kazi gani. Kesho asubuhi tunaondoka."

Pangekuwa pameishia hapo kama Mzee Matiko asingegonga fimbo yake chini. Mzee akasema yeye hana ugomvi na matundu. Neno lake lilikuwa moja tu: kama mama mkwe amemwona mkwe, hakuna anayeondoka. Wazee lazima wakae. Kukaa kwao kunategemea mbuzi, mbuzi anategemea kupatikana, na nusu ya wazee wenyewe wako msibani Kemambo. Kwa haraka zote ni wiki ijayo. Daktari akasema anaheshimu mila, lakini wiki ijayo tumbusi watakuwa wameshatawanyika, na kama ni hivyo atatafuta mtu Mugumu. Basi sare, uzi mwekundu na Fundi Mkuu, vyote vikabaki vinaning'inia kwenye macho ya mama mmoja.

Mokami akaitwa. Akasimama upande mmoja wa nyumba, Kornelio akasimama upande wa pili, na Mzee Matiko akasimama kwenye kona, mahali pa kuwaona wote wawili bila wao kuonana.

"Mama, wewe ndiye uliyefungua kitu kile?"

"Ni mimi."

"Khanga ilikuwa wapi?"

"Iliruka."

"Na macho?"

"Macho hayaruki, mzee. Yalikuwepo."

"Yakaona nini?"

Nice alikuwa bado na unga kichwani, amesahau kuutua. Upande wa pili wa ukuta Kornelio akabana pumzi tena.

"Mvua," Mokami akasema.

"Mvua peke yake?"

"Ilikuwa kubwa, mzee. Wewe uliyekuwa kwenye gari, kioo kinafutwa, mbele kuna taa, uliona nini?"

Mzee Matiko akafikiria alichokiona. Akafikiria pia kwamba akikitaja, na yeye atakuwa shahidi, na shahidi huulizwa, na majani ya mgomba yalikuwa yanahama sana. Akakubali kwamba kwa kweli mvua ilikuwa kubwa. Akauliza kama kuna ndizi zilizoiva.

Asubuhi tela lilifungwa nyuma ya gari, vikofia vimerudishwa mahali pake. Kornelio alikuwa amevaa shati la Jumapili. Kabla ya kupanda akazunguka nyuma ya nyumba. Ng'ambo ya migomba Mokami alikuwa anamenya ndizi, mgongo ameugeuza. Na yeye akageuza wake. Yule kuku mwekundu alikuwa anaparua katikati yao.

"Kuku," Kornelio akasema, "mwambie mama ninamshukuru. Mwambie isingekuwa mvua aliyoiona, leo nisingekuwa na kazi."

Mokami akamrushia kuku ganda.

"Kuku," Mokami akasema, "mwambie aende salama. Na huko kambini wamlishe. Ile mvua niliyoiona ilikuwa na miguu myembamba sana."